Kongosho Hufunga Duka Mapema

Mimi hupiga chafya asubuhi tu. Mchana pua yangu haina neno, jioni ndiyo kabisa. Ila asubuhi, tena tukiwa mstarini shuleni, mwalimu wa zamu akishaanza matangazo na wanafunzi wote wakishanyamaza, hapo ndipo inapokuja. Ya kwanza huja kama mgeni mwenye adabu, inabisha hodi. Zinazofuata haziombi ruhusa. Kwa mtu kama mimi, ambaye nikiulizwa jina langu darasani nalisema kama nalinong'onezea dawati, hiyo ni adhabu kubwa kuliko kufyeka. Kuna siku mwalimu wa zamu alikunja karatasi yake, akatazama upande wa kidato cha tatu, akasema kwa upole, "Tumsubiri mwenzetu amalize." Shule nzima ikanisubiri. Na kwa kuwa nilikuwa nasubiriwa, nikashindwa kumaliza.

Miaka yote nilisingizia vumbi la Ikungi. Lakini vumbi letu halichagui saa. Mchana upepo ukitoka upande wa barabara ya Dodoma unaweza kutafuna mchanga bila kufungua mdomo, na mimi sipigi chafya hata moja. Swali hilo lilinisumbua mpaka nikaliandika kwenye kipande cha karatasi, nikakichomeka ndani ya daftari la Baiolojia siku tuliyokusanya kazi. Kumwuliza mwalimu kwa mdomo sikuweza, sidanganyi.

Kesho yake kipindi cha kwanza mwalimu akaingia na kile kikaratasi. "Kuna swali zuri sana hapa," akasema, "limetoka kwa mtu ambaye hakutaka kujulikana. Anauliza kwa nini mtu apige chafya asubuhi tu." Nikapiga chafya. Darasa likageuka lote, hata wale wa mbele ambao huwa hawageuki.

Ila jibu lake lilinifaa. Alisema mwili una saa. Saa kubwa iko kwenye ubongo, na inarekebishwa na mwanga, hasa ule wa asubuhi. Halafu kila kiungo kina saa yake ndogo inayoifuata ile kubwa: ini, kongosho, utumbo, mpaka zile seli nyeupe za damu ambazo ni askari wetu. Askari hao wana zamu. Kuna saa wanazunguka kwenye damu, kuna saa wanaingia kwenye nyama kukagua. Na kuna wale wanaotoa kemikali ya kuwashisha pua. Hao, alisema, alfajiri huwa na hasira zaidi. Ndiyo maana pia mtoto mwenye homa anaweza kuamka anacheza, mama yake akaghairi kwenda zahanati, ikifika magharibi anawaka moto.

Nilirudi nyumbani nimejaa elimu, na kwetu elimu naweza kummiminia mtu mmoja tu. Bibi, mama yake baba. Bibi ni Mnyaturu wa hapahapa. Marehemu babu ndiye aliyekuja na mzigo wa vitambaa kutoka Kondoa, akasema anapumzika siku mbili, akamwona bibi, mpaka leo kaburi lake liko hapa. Bibi ananiita mke mwenzake, na mimi mbele yake siyo mwenye haya. Sijui haya zangu huwa zinakwenda wapi.

Bibi ana ugonjwa wa viungo. Asubuhi vidole vyake haviwezi kukunja ngumi, magoti hayataki kunyooka, anakaa kitandani mpaka jua limepanda. Mchana anatwanga kama msichana. Nikamweleza: usiku kemikali ya mwilini inayotuliza uvimbe hushuka, askari wake wanabaki bila mkubwa, wanafanya fujo kwenye viungo mpaka kuche.

Bibi akafikiri. "Kwa hiyo wananipiga nikiwa nimelala?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hao ni askari wa mkoloni, mke mwenzangu. Wa sasa angalau wanakuamsha kwanza."

Hayo yote yangebaki mazungumzo ya mimi na bibi, kama si sukari ya baba.

Baba ana duka la vipuri vya baiskeli. Tairi, spoku, minyororo, pedeli, gundi ya viraka. Anafungua mapema, anafunga watu wakimaliza swala ya isha, halafu wanakaa kidogo kibarazani kwa duka na fundi cherehani, ambaye mashine yake inakaa pale miaka yote. Wakishamaliza kuiongoza nchi, baba anakuja nyumbani. Nasi hatuli mpaka aje. Sinia linafunikwa, mama anasinzia, bibi anasinzia, mimi nasoma nikinusa mboga. Baba akifika ndipo tunakula ugali wa mtama, mlenda, na kama siku ilikuwa njema, kuku. Tunakula kwelikweli, kisha tunalala na matumbo yetu kama tumemeza mitungi.

Tulipomaliza Sikukuu ya Idi baba alianza kukonda, anakunywa maji kama ng'ombe wa Kintinku. Mama akamwandama mpaka akaenda hospitali. Akarudi na vidonge na sura nyingine. Usiku ule alituambia, sisi watatu tu, kwamba ana sukari. Nesi wa kliniki alimpa muda: ameze vidonge, apunguze ugali, atembee, arudi wapime tena. Ikiwa bado iko juu, daktari atamwanzishia sindano. Sindano ya kila siku, ya kujichoma mwenyewe tumboni.

Lazima niseme kuhusu baba na sindano. Baba anaweza kung'oa msumari kwenye tairi kwa meno. Lakini siku ya chanjo ya mwisho alianguka kabla hajafikiwa, akiwa bado kwenye foleni. Walimchanja akiwa chini, kwa sababu nesi alisema hiyo nafasi haitajirudia. Kwa hiyo alipotamka "tumboni", alilishika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango.

"Na watu wasijue," akasema. "Mtu akijua una sukari, kesho anakuja dukani kukuangalia badala ya kununua."

Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, "Nesi ameniuliza pia nakula saa ngapi. Nikamwambia. Akacheka. Akasema saa hizo kongosho limeshafunga duka."

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema ni kweli, kongosho nalo lina saa yake; asubuhi na mchana linatoa ile dawa ya kuisukuma sukari kutoka kwenye damu kuingia mwilini, jioni giza likiingia linapunguza, na mwili nao unakuwa mzito kuipokea. Ukila kilo ya ugali saa nne za usiku ni kama kupeleka lori la mzigo kwenye duka lililofungwa. Mzigo unabaki barabarani. Barabara ndiyo damu.

Wote wakanitazama. Nadhani walikuwa hawajanisikia nikisema maneno mengi hivyo mfululizo tangu nizaliwe. Baba, ambaye dukani anaelewa kila kitu, alielewa na hiki. "Mzigo unabaki barabarani," akarudia taratibu. Ikaamuliwa kwamba kuanzia kesho tutakula saa kumi na moja jioni, jua lingali juu. Mimi nitatoka shule, nitapita dukani kumwita, fundi atamwangalizia duka kidogo, kisha baba atarudi kazini. Akirudi usiku atakunywa maji, atalala.

Ulikuwa mpango mzuri. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba saa kumi na moja kuna mwanga, na kwenye mwanga kuna watu.

Kwetu mtu akikukuta unakula humwambii karibu ya mdomoni. Unasogea. Anapewa maji ya kunawa, anakaa, anakula. Naye akikataa lazima amege angalau matonge mawili, la sivyo amekuona mchawi. Usiku sheria hiyo haisumbui, maana milango imefungwa na kila mtu yuko kwake. Lakini sisi tunaishi kando ya njia ya kwenda mnadani, na huwa tunakula uani, na geti letu la bati mchana linakaa wazi kama la kila mtu.

Siku ya kwanza alipita mzee anayeuza kamba. Ya pili, mama jirani wa nyumba ya mbele na shemeji yake. Siku ya mnada walipita ndugu zake bibi wa vijijini, wametoka kuuza kuku, wakasema wanapita tu kusalimia. Waliposalimia walikuta sinia. Baba alipata matonge manne. Nayajua kwa sababu kila moja alilitazama kabla ya kulila.

Na kila mgeni alikuwa msiba wangu mimi, maana mtoto wa nyumba ndiye anayeamka. Shikamoo. Marahaba, hujambo, shule, kidato cha ngapi, umekuwa mkubwa, mbona huongei. Nashika jagi, namwagia maji mikononi, natazama beseni. Narudi kukaa, hodi nyingine. Shikamoo. Nilikuwa nimepanga kuokoa maisha ya baba, sikupanga kusalimia wilaya nzima.

Mama alikwangua sufuria siku moja, akaweka mwiko chini. "Sasa nimeelewa kwa nini wazee walikuwa wanakula usiku," akasema. "Wala haikuwa ujinga. Giza ndilo lililokuwa linatulindia mboga."

Kibaya zaidi, baba akirudi dukani na matonge manne tumboni, fundi anachoma mahindi. Usiku baba ananukia mahindi. Kongosho lake, ambalo tulikuwa tumelifungia mapema kwa gharama ya mboga zote, likawa linagongewa tena mlango usiku.

Tukahamia kula sebuleni. Haikusaidia, aliyepiga hodi uani alifuata harufu ya vitunguu hadi sebuleni. Ndipo bibi akatoa hukumu. "Fungeni geti."

Mama akasita. "Mchana, mama? Watasema tuna choyo."

"Waseme. Mwanangu achomwe sindano ya tumbo kwa sababu ya muuza kamba?"

Na kwa kuwa mahindi ya fundi yalikuwa nusu ya ugonjwa, ikaamuliwa pia kwamba baba afunge duka kabisa wakati huo, aje ale, apumzike, atembee kidogo, halafu arudi akitaka. Duka la baba halijawahi kufungwa mchana. Lilifungwa mara moja tu, siku babu alipofariki. Hilo nalo hatukulikumbuka.

Siku hiyo nilitoka shule nikaenda dukani kumwita. Pale kibarazani palikuwa na fundi, na wateja wawili, na kijana anayejaza upepo. Watu wengi sana kwa mtu kama mimi. Nisingeweza kusema kwa sauti, "Baba, chakula kiko tayari," halafu wote wageuke, na waanze kuuliza chakula gani saa hizi. Na ugonjwa wenyewe ni siri. Kwa hiyo nilifanya nilichoona ni busara. Nilimsogelea baba, nimeinamisha kichwa, nikamnong'oneza sikioni.

Baba akaitikia kwa kichwa mara moja. Akamwambia mteja, "Utanisamehe, nimeitwa nyumbani." Akateremsha bati la duka, akafunga kufuli, akaondoka akitembea haraka, kwa sababu nesi alisema kutembea haraka ni dawa. Mimi nyuma yake, macho chini.

Nyumbani tukafunga geti kwa komeo. Tukakaa sebuleni, mlango umesindikwa, na bibi akaagiza tule kimyakimya, vijiko visigonge sahani. Baba alikula vizuri kuliko siku zote. Kipande chake cha kuku kilifika mdomoni bila kugawanywa na mtu. Nilimwona anafurahi, nami nikafurahi.

Ndipo tukasikia kilio.

Kilianzia mbali, upande wa nyumba ya mbele, kikaja kikiongezeka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mama jirani. Baba akasimamisha tonge hewani. "Nani amekufa?" akanong'ona.

Nje ya geti mama jirani akajibu bila kujua kwamba ameulizwa. "Bibi yetu jamani. Bibi wa watu. Bibi mwenye moyo mweupe kama maziwa."

Tukamgeukia bibi. Bibi alikuwa na mlenda kidevuni.

Fundi, kumbe, alikuwa ameyapanga mwenyewe. Binti amekuja ameinamisha kichwa, amemnong'oneza baba yake, baba amesema tu ameitwa nyumbani, amefunga duka. Na bibi, majuma yote yale ya baridi, hakuna aliyemwona nje asubuhi. Fundi akawaambia wawili watatu. Mmoja akaja kuchungulia, akakuta geti limefungwa, ndani kimya kabisa, hata kijiko hakisikiki. Kilichobaki ni nini?

Mama aliinuka kwenda kufungua. Bibi akamshika khanga. "Ngoja kwanza."

"Mama, watu wanalia."

"Wanamlilia nani, si mimi? Ngoja nisikie."

Mama jirani na bibi, ieleweke, walikuwa hawasemezani tangu mwaka uliopita kwa sababu ya ungo, hata siku ile aliyokula kwetu. Kila mmoja alisema ungo ule ni wake. Sasa mama jirani alikuwa ameshika bati la geti, anasema, "Nani atatufundisha kusuka tena? Nani atatupa mbegu? Hata ungo wangu alinitunzia mwaka mzima bila kuutoboa."

"Ungo ni wangu," bibi akasema chinichini.

"Na yule kuku," mama jirani akaendelea, "wizi wa yule kuku nilimsingizia bure marehemu, kumbe alichukuliwa na kicheche."

Bibi akafumba macho kwa raha. "Sasa wafungulieni."

Mtoto wa nyumba ndiye anayefungua. Nikavuta komeo. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wamenitazama mimi. Wanawake wamefunga khanga viunoni, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, wanaume na majamvi mabegani. Fundi alikuwa mbele, utepe wa kupimia bado uko shingoni, na kwapani kitambaa cheupe kimekunjwa. Nikafungua mdomo niseme kwamba hakuna msiba. Hakikutoka kitu. Mama jirani akaona mdomo wangu unatetemeka, akanivuta kifuani kwake, na wengine wakanivuta kwao, wakawa wananipokezana kutoka khanga moja hadi nyingine, pua imebanwa, na kila nilivyojaribu kusema walisema, "Lia, mwanangu, usijizuie."

Bibi akatokea mlangoni na fimbo yake. "Mwacheni mtoto apumue," akasema.

Mwenye kuni aliziachia zote. Mzee mmoja akasoma aya niliyoitambua, ni ile ya kufukuza mashetani. Bibi akateremka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa fundi, akakichukua kile kitambaa cheupe, akakikunjua, akakiweka begani mwake, kikaning'inia hadi magotini. Akamtazama.

"Nilikadiria, bibi," fundi akasema.

"Miaka yote unanishonea magauni, ndivyo unavyoniona? Mfupi hivi?"

Hapo watu wakaanza kucheka, lakini kwa tahadhari. Wakaja kumshika bibi mikono kuhakikisha. Halafu, kama ilivyo desturi, walipokwisha kufurahi wakataka maelezo. Duka limefungwa kwa nini? Geti je? Binti alinong'ona nini?

Baba alikuwa ametoka, mkono wa kulia bado una ugali. Akasema la kwanza lililomjia. "Tulikuwa na kikao cha familia."

Ni neno baya sana hilo. Niliona linavyowafikia. Kikao cha familia, mchana, geti limefungwa, na binti wa kidato cha tatu ndiye aliyekwenda kumnong'oneza baba yake akiwa ameinamisha kichwa. Macho ya wanawake yakaanza usoni kwangu, yakateremka taratibu, yakatua tumboni. Mama jirani aliweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimekula ugali mzuri siku hiyo, tumbo lilikuwa limejaa, nami nikalivuta ndani, nadhani ndiyo ikawa mbaya zaidi.

Baba akaona. Akatazama macho yao, akanitazama mimi, akafuta mkono wake kwenye kanzu, kitu ambacho mama hamruhusu. "Hapana," akasema. "Mwanangu hana neno. Mgonjwa ni mimi. Nina sukari."

Alivyolisema, lilikuwa neno dogo tu. Fundi akashusha pumzi.

"Na nisipoishusha wataniwekea sindano," baba akaendelea, maana alishaanza. "Ndiyo maana tunakula mapema, na ndiyo maana tumefunga. Mambo ya saa. Sababu zake anazijua huyu." Akanigeukia. "Waeleze, mwanangu."

Walikuwa wameshatandika majamvi. Sijui nani alianza, ila watu wakikuta jamvi hukaa, na sasa uwanja mzima ulikuwa umekaa ukinitazama, kama mstarini. Nilitamani hata chafya ije iniokoe. Lakini ilikuwa jioni, na jioni pua yangu haina neno.

Nikaanza na bibi, kwa sababu nikimtazama bibi naweza kusema. Nikamweleza bibi yale niliyokwisha kumweleza, askari na zamu zao, na viungo vya asubuhi. Kisha kongosho na duka lake. Kisha lori na barabara. Nilipofika kwenye lori nikagundua kwamba wanaume wananifuata, na kwamba sauti inayosikika mpaka kwenye kuni zilizomwagika ni yangu. Nikasema pia kwamba vidonge haviachwi, saa ya kula haifuti dawa. Hilo nililisema nikimtazama baba.

Wakaniuliza maswali. Mlinzi wa ghala la alizeti, anayekesha usiku, aliuliza kwa nini amenenepa na chakula ni kilekile. Nikamwambia saa zake za ndani huenda zimechanganyikiwa, giza linauambia ubongo ni usiku, chakula kinaliambia ini ni mchana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa haki yake mahakamani. Mama jirani akauliza kama na yeye unene wake ni wa saa.

"Wako ni wa ungo wangu," bibi akasema.

Fundi aliuliza mwisho, sauti ya chini, utepe wake anauzungusha kidoleni. Mtu akiamka usiku kwenda haja ndogo mara nyingi, na anasikia kiu, hiyo nayo ni saa? Baba akamsogelea rafiki yake. "Hiyo siyo saa, fundi," akasema. "Hiyo twende wote kliniki."

Tangu siku hiyo geti letu halijafungwa tena mchana. Wapita njia wameanzisha adabu mpya, wakifika kona ya nyumba yetu saa kumi na moja wanapaza sauti kabla hatujawaona, "Kuleni tu, mimi napita." Muuza kamba anapita upande wa pili wa barabara, ametazama mbele kama mwanajeshi. Nasi tunajibu karibu, naye anajibu ahsante, na kila mtu ameheshimiwa bila mboga kupungua. Mahindi ya fundi yamekwisha. Kile kitambaa cheupe bibi alikataa kukirudisha. Alisema kitu akishaletewa mtu kwa jina lake ni chake. Amekitundika dirishani upande wa macheo, na asubuhi anakivuta pembeni jua limpige usoni, kurekebisha saa, anasema, na kuwaonyesha wale askari kwamba yuko macho.

Siku ya kupimwa ilipofika baba aliniomba nimsindikize. Alisema ni kwa sababu ya ile elimu. Mimi najua ni kwa sababu ya kuchomwa kidole. Ilikuwa asubuhi na mapema, tumbo tupu, watu wamejaa kwenye benchi na hakuna anayezungumza, na fundi amekaa pembeni yetu na kadi yake mpya. Baba aliponyoosha kidole alitazama ukutani na kunishika mkono kwa nguvu. Nesi akashika kidole, akaweka ile pini ndogo, chumba kizima kimya.

Nikapiga chafya.

Baba akaruka, nesi akaruka, pini ikachoma pembeni na damu haikutosha. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Nesi akakiweka kifaa mezani, akakunja mikono. "Tumsubiri amalize," akasema. Wagonjwa wote wa sukari wa wilaya yetu wakanisubiri.

Ikabidi baba achomwe tena. Safari hii hakuanguka, kwa sababu alikuwa ameshughulika kunikasirikia. Nesi akatazama namba, akatazama kadi, akaitazama tena namba. Akasema imeshuka vizuri, haijafika anapotaka, lakini habari ya sindano tuiweke kando kwanza. Aendelee na vidonge, na chochote alichobadilisha nyumbani asikiache.

Baba alitoka nje akinyonya kidole. Tulipofika barabarani akanigeukia.

"Miezi yote naikimbia sindano moja," akasema, "wewe umenichomesha mbili." Halafu akanunua chapati mbili na chai ya rangi, akanipa yangu, akatazama jua lilipo, akaanza kula yake bila wasiwasi wowote. "Saa hizi si wamefungua?"

"Wamefungua, baba," nikamjibu, nikapiga chafya.